Tanga moja, mikono saba: kazi iliyofanywa pamoja iandikwe jina la nani?

Mjukuu wa Mkomani anauliza:

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu. Naandika nikiwa hapa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Mkomani, kwa jambo ambalo limetushinda sisi wenyewe na ambalo naamini wako miongoni mwenu waliolipitia kabla yetu.

Sisi ni wasanii saba, wanaume wanne na wanawake watatu, tunaokutana baada ya sala ya Alasiri katika nyumba ya bibi yake mmoja wetu, na bibi mwenyewe huwa ameketi papo hapo kwenye msana, yaani ukumbini, akisuka ukili wake na kutusahihisha maneno. Kila mmoja alikuja na kazi yake. Mimi na mwenzangu ni wachoraji, mmoja huandika khati, mmoja ni fundi wa nakshi za mbao, wanawake wawili ni wadarizi na wa tatu hutia vitambaa rangi. Kwa muda mrefu tuligawana paa na chai tu. Mtu alikaa kwenye kona yake, akamaliza kazi yake, akaondoka nayo.

Miezi minane iliyopita nahodha mmoja alitupatia tanga la mashua lililochakaa. Tulilifua mara tatu kwa maji ya birika hata chumvi ikatoka, tukaziba matundu, tukalitandaza sakafuni, na hapo ndipo tulipoamua kufanya kazi moja sote. Katikati tumechora gati wakati wa maji kujaa, watu wakiteremka na mizigo yao. Juu yake kuna maneno ya khati, pembeni mwake kuna darizi za mtindo wa kofia, na fundi wa nakshi amechonga mti wa kulitundikia, mfano wa foromali, ule mti unaobeba tanga chomboni.

Ningependa mjue jambo moja lililonitokea, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Mwezi wa tatu wa kazi nilipaka buluu ya bahari kwa unene niliouzoea kwenye mbao. Dada mmoja akaketi na sindano yake kutia darizi ya povu la mawimbi. Sindano ikakwama, alipoisukuma tena ikavunjika, na rangi ikapasuka kama ganda la yai. Hakunilaumu. Alinigeuzia tanga nipapase mwenyewe ule ufa, kisha akaniuliza kama rangi inaweza kunywewa na kitambaa badala ya kukaa juu yake. Nilikuwa nimechora kwa miaka tisa na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Tangu siku hiyo nachanganya rangi nyepesi hata nyuzi za kitambaa zionekane, na ile bahari sasa ina mwanga ambao sikuwahi kuupata nilipokuwa peke yangu.

Sasa tanga limekwisha, na ugomvi umeanza. Amekuja mnunuzi, tena mwenye nia njema, lakini anataka tumpe jina la msanii mmoja, kwa kuwa katika nyumba yake kila kazi ina jina la mtu mmoja chini yake. Mwenzetu mmoja anasema tulikate vipande saba, kila mtu achukue chake aende akauze kwa jina lake. Wengine wanasema tuuze, tugawane fedha, na kila mtu arudi kwenye kona yake, kwa sababu kazi ya pamoja imetuchosha kwa mabishano.

Nauliza, basi. Je, kufanya sanaa pamoja kuna thamani gani hasa, ikiwa mwisho wake ni kugombania jina na fedha? Na wale ambao vikundi vyao vimedumu, jambo hili la jina na mgao walilitengeneza vipi?

Fundi wa Matondoni:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na lile la kukata, kwa sababu ndilo la haraka: msilikate. Tanga likikatwa halitoi matanga saba, hutoa matambara saba.

Mimi nimekaa kwenye kazi ya vyombo tangu utoto wangu hapa Matondoni, ambako tunajenga majahazi na mashua kwa macho na mikono, bila ramani ya karatasi. Mkuku, ule mti mkuu wa chini, ukishalazwa mchangani, chombo kinakuwa cha wengi. Kuna anayechagua mti wenye pindo la asili ili uwe taruma, yaani ubavu wa chombo, bila kulazimishwa, kuna wa tezo, kuna wa keekee, kuna wanaoshindilia pamba kati ya mbao, na kuna wale wa mwisho wanaopaka deheni, mafuta ya kulinda mbao, kabla chombo hakijashuka majini. Wakati wa kukalafati, yaani kushindilia hiyo pamba, ninaweza kukaa kivulini nimewapa mgongo vijana wanaogonga, na nikajua kwa sauti ya nyundo kwamba pamba imeshiba au bado. Kijana naye huijua sauti hiyo kwa kuwa jirani yake anaigonga sawasawa hatua mbili kutoka kwake. Hakuna anayeweza kumfundisha mwenziwe sauti hiyo kwa maneno. Nadhani hilo ni jibu la nusu ya swali lako, na wewe mwenyewe umelijibu kwa kisa cha sindano.

Kuhusu jina, chombo huwa na jina lake chenyewe, na watu husema kimejengwa na fundi fulani, yaani yule mkuu aliyekisimamia. Vijana wa nyundo hawatajwi, na hawakasiriki, kwa kuwa wanajua siku yao itafika. Mfano ulio karibu na kazi yenu ni ule wa Flipflopi. Mwaka 2018 kilishushwa majini hapa Lamu chombo cha urefu wa takriban mita 9, kilichojengwa kwa plastiki iliyookotwa, takriban tani 10, na kuvishwa ndara kuukuu zipatazo 30,000, na mwaka uliofuata kikasafiri hadi Unguja. Nilikwenda kukitazama kikijengwa. Plastiki haina nyuzi kama mti, kwa hiyo mazoea mengi ya tezo na msumari ilibidi yatafutwe upya, na yalitafutwa na watu wengi wakijaribu na kukosea pamoja: waliookota, walioyeyusha, waliochonga. Lakini kazi ilikuwa na fundi wake mkuu, Ali Skanda, mtu wa hapa hapa, na palipotokea mabishano palikuwa na mtu wa kusema tufanye hivi.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba mchague mmoja wenu awe mkuu wa kazi hiyo, jina lake litangulie, na nyinyi wengine mridhike kwamba kazi inayofuata itakuwa na mkuu mwingine. Kikundi kisicho na mkuu hubishana hadi maji yakupwe, na chombo kikabaki mchangani.

Bi wa Langoni:

Nimesoma maneno ya kaka yangu wa Matondoni kwa heshima, na katika hilo la kutokata tanga niko naye. Lakini katika hilo la jina la mmoja kutangulia na wengine kuridhika, naomba anisamehe, siko naye hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mshonaji wa kofia za vito, yaani kofia zenye vitundu vidogo vya kushonwa. Mtu asiyeijua kazi hii huona kofia nyeupe kichwani mwa mume wake siku ya Ijumaa na kudhani imetoka dukani ikiwa hivyo. Kitambaa hukunjwa tabaka mbili, mchoro huchorwa kwa kalamu ya risasi, mara nyingi na mtu ambaye hatashona. Mshonaji hutoboa kila kito kwa ncha, akakizungushia uzi, akakaza, akaenda kingine, na kofia moja ina vito vya kuhesabiwa kwa mamia. Kofia nzuri hula miezi. Mwisho wake kuna anayeunganisha duara la juu na ukanda wa pembeni, na hiyo nayo ni mikono mingine. Kwa hiyo kofia ni kazi ya watu watatu au wanne, kama tanga lenu, na kwa umri wote niliokaa nayo sijaona kofia yenye jina la mshonaji. Huitwa kofia ya duka fulani, au kofia ya bwana aliyeivaa.

Utaniambia ndivyo desturi ilivyo. Nami nakuambia desturi hiyo imetugharimu. Kulikuwa na wakati tulikuwa wanawake kumi na mmoja tukishonea mahali pamoja, na mfanyabiashara mmoja, ambaye sitamtaja, alichukua kofia zetu kwa mkopo msimu mzima. Alipokuja kulipa, alisema nyingine zilikuwa na kasoro na hazikununuliwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema ni za nani, kwa sababu hazikuwa na alama, na daftari hatukuwa nalo. Tulianza kutazamana sisi kwa sisi. Aliyetudhulumu alikuwa nje, lakini kikundi kilivunjika ndani. Mkono mtupu haulambwi, na mkono usiojulikana ni wa nani hudhulumiwa kwa urahisi zaidi.

Pamoja na hayo, mwanangu, nisingekubali kurudi kushona peke yangu. Nilipokuwa msichana nilijiona hodari, na siku moja nilimpelekea jirani yetu kofia yangu nikitarajia sifa. Hakuutazama uso wa kofia. Aliigeuza, akaiweka kwenye mwanga wa mlangoni, akaisoma ndani kama mtu anayesoma barua. Akaweka kidole mahali nilipokuwa nimeruka kutoka kito hadi kito bila kufunga uzi, akasema, "Hapa ulikuwa na haraka. Na hapa ulikuwa na usingizi." Yote mawili yalikuwa kweli. Niliifumua mbele yake. Kuanzia hapo tukawa tunageuziana kofia kila jioni, na ukijua kwamba kesho jirani ataisoma kazi yako upande wa ndani, unashona kwa namna nyingine. Mnunuzi hatazami ndani, na wala dukani hawatazami. Ni mwenzako tu katika kazi ndiye anayejua pa kutazama, na ndiyo maana namtaka awe karibu yangu.

Kuhusu mabishano, usiyaogope. Yaliyotuvunja sisi hayakuwa mabishano ya kazi. Yale yalitukuza. Tulivunjwa na mambo ya fedha ambayo hatukuyazungumza mapema, kwa kuwa tuliona aibu kuyazungumza kati ya majirani na jamaa. Kwa hiyo wekeni daftari leo, kabla ya mnunuzi kurudi. Andikeni nani alifanya nini na kwa siku ngapi. Andikeni gharama ya rangi na uzi, ili zirudishwe kwanza kwa aliyezitoa. Toeni kitu cha kumshukuru bibi mwenye nyumba, hata akikataa. Kinachobaki mgawane kwa namna ambayo kila mmoja ameisema kwa mdomo wake mbele ya wenzake kwamba anaikubali. Kisha majina yote saba yaandikwe kwenye tanga lenyewe. Msiyaandike kwenye karatasi ya kubandika pembeni, kwa kuwa karatasi hubanduka. Mnunuzi akisema ukuta wake una nafasi ya jina moja, basi apanue ukuta.

Msomaji wa Tungo:

Ninawashukuru wote wawili. Mimi si fundi wa mkono. Nimefundisha Kiswahili na tungo kwa miaka mingi, na ningependa kumwonyesha Mjukuu wa Mkomani kwamba swali la jina katika kazi ya pamoja si geni kwetu Waswahili, na kwamba washairi wetu walilipatia jibu ambalo si la fundi wala la Bi wa Langoni.

Ninalo akilini tungo la takhmisi. Mshairi huchukua shairi la mwenziwe, ambalo kila ubeti wake una vipande viwili, naye akatunga vipande vitatu vipya vya kutangulia, ili ubeti uwe na vipande vitano. Tazama kwa makini jinsi jambo hili linavyofanya kazi. Vipande vya mshairi wa pili vinakuja mbele, lakini vinalazimika kuishia kwa kina cha mshairi wa kwanza na kufungua mlango ambao maneno yake yataingilia. Anayetunga takhmisi hana uhuru wa kusema lolote, anaandaa njia. Akifanya vizuri, maneno ya zamani yanasikika kana kwamba yalikuwa yakisubiri haya mapya. Hivyo ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa visiwa vyetu hivi, alivyofanya kwa shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, na tungo hilo tunaliita mpaka leo Takhmisi ya Liyongo. Majina mawili, moja la mtu aliyekuwa amekwisha kufa zamani mwenziwe alipotunga, na hakuna lililolifunika jingine. Tena msomaji anajua wapi mmoja anaishia na mwingine anaanza, kwa kuwa umbo lenyewe la ubeti linamwambia.

Ninachotaka kusema ni kwamba kazi ya pamoja si lazima ifiche mipaka ya mikono. Darizi ya povu la mawimbi juu ya buluu nyepesi ni takhmisi hasa: rangi imekubali kuwa nyepesi ili sindano ipite. Yeyote mwenye macho ataona mikono miwili pale, na ataona pia kwamba mmoja ulimpisha mwenziwe. Kwa hiyo mnunuzi anayetaka jina moja anaomba kitu ambacho kazi yenyewe inakanusha, nanyi mnaweza kumwonyesha kwa kidole, bila hasira.

Nikiruhusiwa niongeze jambo la muziki kwa ufupi. Huko Unguja, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905 na kipo hadi leo, ingawa waanzilishi wake wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Jina la kikundi limewabeba watu wa vizazi vingi, wakaimba wengine chini yake wakapata majina yao wenyewe. Kinyume chake, Siti binti Saad, aliyekwenda Mumbai mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, alikwenda na wenziwe wapigaji, watu waliotunga na kupanga nyimbo pamoja naye, lakini leo ukiwauliza wapenzi wa taarabu ni wachache watakaokutajia hata mmoja wao. Simlaumu Siti kwa hilo, kwa maana sauti yake ilistahili kila sifa. Naona tu kwamba jina la mmoja likitangulia, kama anavyopendekeza fundi wetu, wakati hauwi na huruma kwa wale waliofuata nyuma. Hapo naegemea upande wa Bi wa Langoni.

Na mkiweza, jipeni jina la kikundi sasa, kabla ya kazi ya pili.

Mchongaji, Malindi:

Salaam kutoka Malindi. Nitasema machache, kwa kuwa mengi yamekwisha kusemwa na waliotangulia.

Mimi ni mwanachama wa ushirika wa wachongaji. Kwetu kila kinyago, kila bakuli na kila twiga huandikwa namba ya aliyechonga chini yake kabla ya kuingia chumba cha mauzo. Kikiuzwa, ushirika hukata sehemu yake ya kodi, umeme na ulinzi, na kilichobaki ni cha mwenye namba. Mtindo huu umezuia ugomvi mwingi. Lakini naomba mjue udhaifu wake pia. Namba humlinda mtu katika fedha, na haimlindi katika sanaa. Mtalii akipenda twiga, kila mtu anachonga twiga, na baada ya muda mnakuwa watu wengi mnaofanya kazi ya mtu mmoja.

Wenzetu wa Dar es Salaam wanalijua hili. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za mafuta mwaka 1968, akafariki mwaka 1972, na ndugu na wanafunzi wake wakaendelea pamoja hadi wakaunda ushirika wao mwaka 1990. Bila ya umoja ule, mtindo ungezikwa naye, maana miaka minne ni michache mno. Umoja uliuokoa. Lakini wachoraji wengi wenye vipawa vyao wenyewe wameishi chini ya jina la marehemu, na mnunuzi husema "nataka Tingatinga", kana kwamba aliyeshika brashi hana jina. Basi jina la kikundi, ambalo mwalimu analipendekeza, ni jema, ila lisiwe kofia ya kuwafunika.

Thamani ya umoja niliiona wazi kuliko wakati wowote miti yetu ilipoadimika. Muhugu na mpingo zilikuwa ngumu kupatikana, na tukaambiwa tujaribu mwarobaini na mwembe. Mwarobaini ulitutesa, kwa sababu ukiuchonga kabla haujakauka sawasawa hupasuka, na mtu hupoteza kazi ya wiki nzima kwa usiku mmoja. Laiti kila mmoja angejaribu peke yake, angepasua vipande vyake kumi akakata tamaa. Sisi tuliviweka vilivyopasuka juu ya meza moja, tukaviangalia pamoja: hiki kilikaa juani, hiki kiliachwa na kiini chake, hiki kilikatwa juzi. Hasara ya kila mtu ikawa somo la wote. Mchongaji wa peke yake huficha kilichompasukia.

Nakubaliana nanyi, msilikate.

Fundi wa Matondoni:

Nimesoma yote, na nimefikiri tangu jana. Dada yangu wa Langoni amenishinda katika hoja ya jina, nami nakiri. Nilipokuwa kijana wa nyundo niliridhika kutotajwa kwa sababu nilikuja kuwa fundi. Lakini wapo niliogonga nao pamoja ambao hawakufikia kujenga chombo chao, kwa maradhi au kwa kukosa mtaji, na sasa nikitazama mashua zilizoko gatini najua mbao zipi ni zao na hakuna mwingine anayejua. Hilo sikuwa nimelifikiria kabla ya kusoma habari za kofia.

Katika la mkuu wa kazi, hata hivyo, sibadiliki. Mkuu si lazima jina lake litangulie, lakini awepo.

Mjukuu wa Mkomani:

Wazee wangu, Mwenyezi Mungu awalipe kila la heri. Jana niliwasomea wenzangu majibu yenu yote kwa sauti, tukiwa tumekizunguka kile kitambaa, na bibi akatuambia turudie sehemu ya kofia kusomwa ndani mara mbili.

Haya ndiyo tuliyokubaliana. Tanga halikatwi. Daftari limefunguliwa, na kuandika kumbukumbu za miezi minane kumechukua usiku mzima, kwa sababu kila tulipofikiri tumemaliza, mtu alikumbuka kazi ya mwenziwe iliyosahauliwa. Dada mtiaji rangi, kwa mfano, alikuwa ametia lile tanga rangi ya chini mara mbili kabla hatujaanza kuchora, na hakuna aliyekuwa amelihesabu hilo, hata yeye mwenyewe. Kwa kazi inayofuata, mkuu atakuwa yeye, kama alivyoshauri fundi. Mnunuzi tumemwonyesha povu la mawimbi kwa kidole, kama alivyosema mwalimu, akalitazama kwa muda mrefu, na amesema atarudi baada ya Ijumaa. Akikubali majina saba, vyema. Asipokubali, tutalitundika hapa hapa kwenye msana.

Mwenzetu aliyetaka vipande saba hakuja jana. Nilimpitia nyumbani kwao asubuhi, akaniambia kwamba alichotaka ni mama yake aone jina lake kwenye kazi, na alidhani hiyo ndiyo njia pekee. Nilihuzunika kwamba miezi minane tumekaa pamoja na hatukuwahi kumsikia akisema hivyo.

Majina tutayadarizi kwenye upindo wa chini, kila mmoja adarizi lake kwa mkono wake, hata sisi tusiojua sindano. Mwandishi wa khati amekwisha kutuchorea herufi kwa kalamu ya risasi. Naomba kumuuliza Bi wa Langoni: upindo wa tanga una tabaka tatu, na tumeshavunja sindano mbili. Tutumie mshono gani?

Bi wa Langoni:

Mshono wa mnyororo, mwanangu, na uzi wa nyuzi mbili usiozidi urefu wa mkono, vinginevyo utawafunga mafundo. Vito msivijaribu kwenye tabaka tatu. Toboeni kwanza kwa sindano nene ya mshona matanga, ndipo mpitishe ile nyembamba mahali pale pale. Leteni tanga nyumbani kwangu Jumamosi baada ya Alasiri, na huyo mwenzenu ambaye hakuja mje naye. Nitaligeuza nione upande wa ndani.